Gemu za kompyuta za kujifunzia kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4: kuchagua, na kuandaa mashine yenyewe

#1 FundiPwani

Wakuu, kila mara mtu anauliza "gemu gani nzuri kwa mtoto wa miaka miwili na nusu?" Anatajiwa majina kumi, anapakua yote kumi, na mtoto anaishia kung'ang'ania lile lenye kelele kuliko mengine. Orodha ya majina haisaidii sana. Kinachosaidia ni kuipima gemu wewe mwenyewe, dakika kumi tu, kabla mtoto hajaiona. Naweka vipimo hapa, wenye utaalamu wao waongezee.

Kipimo kikubwa kwangu ni hiki. Fungua gemu, anza kucheza, halafu weka mikono mapajani. Usiguse kitu kwa dakika nzima. Gemu nzuri inakusubiri. Labda itarudia maelekezo mara moja, kisha inanyamaza. Gemu mbaya inaanza kupiga kengele, kumulika vitufe, kukuonyesha jibu kwa kidole cha kuchora, au inaruka hatua yenyewe. Mtoto wa umri huu anachelewa kati ya kuona na kutenda, na ni haki yake: anaangalia picha, anakugeukia, anataja kitu kwa lugha yake, ndipo mkono unakwenda. Gemu isiyosubiri inamnyima muda huo, na kujifunza kwenyewe kunafanyika ndani ya muda huo.

Pili, kosea makusudi, mara tatu nne mfululizo. Sikiliza mlio wa kukosa. Ukiwa wa kuchekesha kuliko mlio wa kupata (mbuzi anapiga kelele, puto linapasuka, mtu anateleza), mtoto atakosea siku nzima ili ausikie, na wewe utadhani haelewi. Anaelewa vizuri sana, ila amechagua burudani. Mlio wa kukosa uwe mfupi na mkavu, au usiwepo kabisa: kitu kinarudi tu mahali pake.

Hapo hapo angalia kama majibu yanabadilishana nafasi. Gemu yenye machaguo mawili, mtoto atapata nusu kwa bahati tu. Kama jibu sahihi linakaa upande uleule, au kama gemu inamruhusu kubonyeza vyote hadi kimoja kikubali kisha inampigia makofi, hajajifunza rangi wala umbo. Amejifunza kubonyeza.

Tatu, lalia skrini kwa kiganja kizima au piga kibodi kwa mikono miwili. Je, umetoka nje ya gemu? Umeingia kwenye menyu? Mtoto atafanya hivyo ndani ya dakika ya kwanza, kwa hiyo afadhali ujue mapema.

Nne, zima data na Wi-Fi, zima na kuwasha kifaa, kisha fungua gemu tena. Ikikataa kufunguka bila intaneti, iache.

Mengine kwa haraka: vitu kwenye skrini visizidi vinne kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kila kitu cha kubonyeza kiwe na upana wa kama sentimita mbili, kusiwe na saa inayohesabu kurudi nyuma, na kila mzunguko uwe na mwisho wake unaoeleweka, maana gemu isiyo na mwisho ndiyo inayoleta vilio wakati wa kuzima.

#2 MkulimaStaarabu

Miaka miwili, kompyuta ya nini? Mpe mchanga, kikombe na kijiko. Mnawaharibu watoto halafu mnakuja kuomba ushauri.

#3 MwalimuWaAwali

Mkulima ana hoja, msimpite hivihivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa. Wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo ni jumla ya kila kitu: katuni za televisheni, video za simu ya shangazi, na gemu. Kama katuni zimeshakula dakika arobaini, gemu imebakiwa na ishirini, na kwa mtoto wa miaka miwili kikao kimoja cha dakika kumi kinatosha sana.

Lingine ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu hujifunza kidogo kwa skrini kuliko kwa mtu aliye mbele yake, hata kama maudhui ni yaleyale. Kuliona chungwa la kuchora likiingia kikapuni hakumfundishi kama anavyolishika mwenyewe, likamdondoka na kubiringika hadi chini ya kochi. Kwa hiyo gemu ije baada ya kitu chenyewe, au pamoja nacho. Kama gemu ya leo ni ya kupanga vikubwa na vidogo, weka mezani vifuniko vya chupa na vya ndoo. Apange vya mezani kwanza, kisha vya kwenye skrini, kisha arudi vya mezani. Ukiona anaweza kwenye skrini tu na mezani hawezi, bado hajajua. Amezoea gemu.

Na gemu ya umri huu inachezwa na watu wawili. Mtu akiniambia anatafuta gemu ya kumtuliza mtoto ili apike, hilo ni hitaji la kweli, silidharau, ila asiliite kujifunza.

#4 BintiNgamiani

Asante mwalimu. Naomba kuuliza, tununue tableti au tutumie kompyuta ya mezani iliyopo? Watoto ni wawili, mmoja 2 na nusu, mwingine anakaribia 4. Wote mausi inawashinda, mkubwa anabonyeza kitufe cha kulia kila mara.

#5 FundiPwani

Dada BintiNgamiani, tumia iliyopo, lakini iandae. Kompyuta ya mezani ina faida moja ambayo wengi hawaioni: ipo mahali pamoja, haibebwi kitandani, na ikizimwa imezimwa.

Huyo wa 2 na nusu mausi bado si yake. Mpe kibodi. Kwenye Windows kuna BabySmash, ya bure, iliyotengenezwa na Scott Hanselman: inajaza skrini nzima, na kila herufi anayopiga inatokea kubwa, yenye rangi, na kutajwa kwa sauti. Inazuia kitufe cha Windows. Kutoka ni Alt+F4, mipangilio ni Ctrl+Shift+Alt+O. Ctrl+Alt+Del haizuiliki na programu yoyote kwa sababu Windows yenyewe ndiyo inayoidaka, ila mikono ya mtoto mdogo ni nadra kuipata. Sauti ni ya Kiingereza, izime kama hutaki.

Wa karibu miaka 4 yuko tayari kwa mausi, ila mausi kwake ni kazi tatu kwa mpigo: kusogeza, kusimamisha, na kubonyeza bila kusogeza. Kuburuta ndiko kugumu kuliko vyote maana anashikilia kitufe huku mkono unatembea. Mfundishe kwa ngazi. GCompris, gemu huru ya bure ya watoto wa miaka 2 hadi 10, iliyoanzishwa na Bruno Coudoin mwaka 2000 na sasa iko chini ya KDE (mradi wa programu huru), ina michezo mitatu inayofanana kwa sura: picha imefunikwa na vibao. Wa kwanza, kibao kinafutika kwa kupitisha mausi tu. Wa pili, lazima abonyeze. Wa tatu, abonyeze mara mbili. Mwache kwenye wa kwanza mpaka mkono utulie. Wa tatu unaweza kungoja hata mwaka mzima, hakuna haraka. Kuna pia samaki wa kubonyeza wakati wanapita, lakini huo ni baada ya hapo maana shabaha inatembea.

Sasa mashine yenyewe:

Mausi iwe ndogo, urefu wa sentimita 8 au 9, yenye waya. Zile za bila waya zina kipokezi kidogo cha USB ambacho kinaingia mdomoni. Bandika stika nyekundu kwenye kitufe cha kushoto. Hiyo ya kubonyeza kulia inatokana na mkono mdogo kukaa kwenye mausi kubwa, vidole vinaangukia kulia.

Kwenye Windows 10 au 11, ingia mipangilio ya mshale wa mausi, uongeze ukubwa hadi 5 au 6 kati ya 15, na uupe rangi ya manjano. Punguza kasi ya mshale chini ya nusu. Ondoa tiki kwenye "Enhance pointer precision"; hiyo inafanya mshale uruke mbali mkono ukienda kwa kasi, na mkono wa mtoto huenda kwa kushtuka.

Zima Sticky Keys. Mtoto akibonyeza Shift mara tano mfululizo kinatokea kidirisha katikati ya mchezo na kila kitu kinasimama. Filter Keys nayo inaamshwa kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde nane, na hapo kibodi inaanza kupuuza herufi, watu wanapeleka mashine kwa fundi wakidhani kibodi imekufa. Zote ziko kwenye mipangilio ya Accessibility, sehemu ya kibodi (kwenye 10 inaitwa Ease of Access). Zima ile njia ya mkato ya kibodi, maana usipoizima itaamka tena.

Kama ni laptop, zima padi ya kugusia wakati mausi imechomekwa. Kiganja kinaigusa na mshale unahama wenyewe.

Mwisho, mfungulie mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya usimamizi. Kwenye desktop (ile skrini ya kwanza yenye alama za programu) paachwe na alama mbili au tatu tu, na ufanye zifunguke kwa kubonyeza mara moja: Folder Options, chagua "Single-click to open an item".

#6 Kaka_Mkuu

Kumbe ile skrini ya ofisini kugeuka miguu juu ni watoto. Mashine ya Intel ya zamani.

#7 FundiPwani

Ndiyo hiyo. Madereva (drivers, programu zinazoendesha kadi ya picha) ya Intel ya zamani yanageuza skrini kwa Ctrl+Alt+mshale. Kurudisha ni Ctrl+Alt+mshale wa juu. Zima hizo hotkey (njia za mkato za kibodi) kwenye paneli ya Intel yenyewe.

#8 Terminal_ya_Mwisho

Mwenye laptop ya mtumba yenye RAM ya 2 GB asihangaike na Windows. Weka Debian (mfumo wa bure wa Linux) yenye Xfce (mwonekano mwepesi), halafu amri moja kwenye terminal:

sudo apt install gcompris-qt tuxpaint tuxpaint-config tuxpaint-stamps-default bambam

Bambam ni ndugu wa BabySmash kwa Linux. Kutoka unaandika neno "quit". Mtoto hawezi kuliandika kwa bahati.

GCompris ukiifungua mara ya kwanza iwe kwenye intaneti, inapakua sauti za lugha uliyochagua. Baada ya hapo haihitaji mtandao. Kwenye mipangilio yake kuna kichujio cha ugumu kwa nyota, moja hadi sita. Acha nyota moja tu kwa wa miaka miwili, moja na mbili kwa wa minne. Usipochuja, mtoto anafungua sataranji, anabonyeza ovyo, na anajifunza kwamba kompyuta ni kitu kisichoeleweka. Kuna na hali ya kioski: ukiianzisha kwa --enable-kioskmode, kitufe cha kutoka na cha mipangilio vinaondoka. Kuirudisha ni --disable-kioskmode.

Kwenye Windows, ikifunguka na skrini nyeusi, kadi ya picha ndiyo inayogoma. Jaribu ile njia ya mkato ya Safe Mode inayokuja nayo.

#9 MwalimuWaAwali

Naomba sasa tuzungumzie lugha, maana hapa ndipo gemu nyingi zinapotuangusha, hata zile nzuri.

Gemu za herufi za Kiingereza zinafundisha majina ya herufi: A inatajwa "ei", E inatajwa "ii", I inatajwa "ai". Mtoto wetu akifika darasa la awali anaambiwa a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti moja tu isiyobadilika. Yule aliyeshiba gemu anaona E anasema "ii", kwa hiyo "embe" kwake inaanza kama "imba". Unaanza kumfundisha upya. Zaidi ya hapo, Q na X hatuna, na C haisimami peke yake bila h. Gemu inayompigia makofi kwa herufi hizo inampa kazi isiyo na matunda kwa sasa. Kwa miaka 2 hadi 4 ningeziacha gemu za herufi zote kabisa. Nichukue za rangi, maumbo, kufananisha jozi, kupanga kwa ukubwa, kukumbuka kadi, na picha za kuunganisha vipande vinne hadi sita. Hizo hazina lugha. Zima sauti, wewe ndiye uwe sauti.

Na ukiwa sauti, sema Kiswahili kamili. Gemu za kuhesabu zilizotafsiriwa kwa pupa zinasema "vikombe mbili", "watoto tatu". Sikiliza kabla hujampa mtoto. Hesabu yetu inafuata kinachohesabiwa: kikombe kimoja, vikombe viwili, vitatu, vinne, vitano, sita na saba hazibadiliki, kisha vinane, halafu tisa na kumi hazibadiliki tena. Mtoto wa miaka mitatu yuko katikati ya kulinasa jambo hili, kwa masikio tu, bila kufundishwa. Akisikia "mbili" kwa kila kitu mara mia kwa siku, masikio yanapinda. Rangi nazo hivyohivyo: mpira mwekundu, kikapu chekundu, gari jekundu. Skrini inaonyesha kitu chekundu, wewe unasema sentensi nzima, naye anapata rangi na sarufi kwa pamoja.

Hata silabi, kama mtu anataka kuanza na kusoma. Piga makofi: m-to-to, makofi matatu. M-tu, mawili. Mbu-zi, mawili pia, maana hapo m na b zinakwenda pamoja. Gemu inayokata "mto-to" imetengenezwa na mtu asiyesikia lugha, ifute.

#10 Zinjibari_Muscat

Sisi tulio nje huku watoto wanasikia Kiarabu shuleni na Kiingereza kwenye simu. Hakuna kabisa programu ya Kiswahili ya kueleweka?

#11 Terminal_ya_Mwisho

Ipo, ila si ya umri huu hasa. Mashindano ya programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, yalijaribiwa Tanga kwa Kiswahili, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170, kwa tableti. Mwaka 2019 wakashinda wawili kwa pamoja: Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Msimbo wa programu za waliofika fainali uliachwa wazi, kwa hiyo kazi ya Kiswahili ipo na inaweza kuendelezwa na yeyote. Walengwa walikuwa watoto wa umri wa shule, wengi wao hawajawahi kwenda shule, wanaojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu tangu mwanzo kabisa. Wako akiwa na miaka 4 zile hatua za awali za kugusa na kulinganisha anaweza kuzifikia mkiwa pamoja. Wa miaka 2, hapana.

Shirika la Ubongo la Dar es Salaam wanatengeneza vipindi vya Kiswahili kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, vizuri kwa masikio ya mtoto aliye mbali. Kumbuka tu ni vya kutazama, vihesabie kwenye ile saa moja ya mwalimu.

Kwa mdogo zaidi, afadhali umtengenezee mwenyewe. Si kazi kubwa. Tux Paint, programu huru ya kuchorea iliyoanzishwa na Bill Kendrick mwaka 2002, ina kitu kinaitwa mihuri: picha ndogo ambazo mtoto anazichagua na kuzigonga kwenye karatasi. Na kila muhuri unaweza kuwa na sauti. Fanya hivi:

1. Piga picha vitu vya nyumbani: kikombe, ndala, kuku, bibi. Mwanga uwe wa kutosha, nyuma pawe na shuka la rangi moja.

2. Kwenye GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha) ongeza Alpha Channel (inayoruhusu usuli usionekane), futa usuli, punguza upana hadi kama pikseli 300, hifadhi kama PNG. Usipofuta usuli itagonga mraba mzima, si dhambi lakini haipendezi.

3. Jina la faili liwe la herufi ndogo bila nafasi wala alama ya ritifaa. Ng'ombe andika ngombe.png.

4. Rekodi mlio na uuhifadhi kama ngombe.ogg au ngombe.wav. Kisha rekodi sauti yako ukisema "huyu ni ng'ombe" uhifadhi kama ngombe_desc.ogg. Mtoto akichagua muhuri, mlio unakuja kwanza, kisha maelezo.

5. Tengeneza ngombe.txt, mstari mmoja tu: Ng'ombe. Hifadhi kwa UTF-8. Hapa ritifaa ni sawa, maneno haya yanaonekana chini ya skrini.

6. Weka faili zote kwenye folda, tuseme "wanyama", ndani ya folda ya mihuri. Windows: andika %APPDATA%\TuxPaint kwenye kidirisha cha Run, tengeneza humo folda iitwayo stamps kama haipo. Linux: ~/.tuxpaint/stamps. Kila folda ndogo inakuwa kundi lake.

Funga programu na uifungue upya. Mihuri inasomwa wakati wa kufungua, kwa hiyo ukiweka mamia kwenye mashine ya zamani itachelewa. Mihuri ishirini inatosha kabisa kwa kuanzia, na bibi aliye Unguja anaweza kutuma sauti yake ikawekwa.

Halafu fungua Tux Paint Config. Washa skrini nzima. Zima uchapishaji, la sivyo wino utaisha siku moja. Zima kitufe cha kutoka. Wewe utatoka kwa Alt+F4 au Shift+Ctrl+Escape. Washa maumbo rahisi, ili asihitaji kuzungusha umbo baada ya kulichora. Na kuna mbili ambazo ni dawa ya yale ya dada BintiNgamiani: moja inaruhusu kitufe chochote cha mausi kifanye kazi, nyingine, ya Mouse accessibility, inamwezesha kubonyeza, kusogeza, kisha kubonyeza tena, badala ya kushikilia kitufe muda wote.

#12 MkulimaStaarabu

Hii ya ng'ombe wa kwetu mwenye sauti ya bibi nimeielewa. Endeleeni.

#13 MdauWaSimu_Nairobi

Wadau, wacha niongeze upande wa tableti na simu, kwa sababu wengi ndicho walicho nacho.

Kwenye Google Play, kabla ya kupakua angalia maandishi madogo chini ya jina: "Ina matangazo" na "Ununuzi wa ndani ya programu". Kwa mtoto wa miaka miwili, ukiona la kwanza ondoka. Hawezi kutofautisha tangazo na mchezo. Kile kialama cha X cha kulifunga ni kidogo kuliko kidole chake, kwa hiyo anagusa tangazo lenyewe na kujikuta dukani. Kuzima data kunayazuia matangazo mengi lakini si yote, mengine yameshahifadhiwa kwenye simu. La pili linavumilika iwapo kuna kizuizi cha mzazi kabla ya malipo. Ila kizuizi cha "shikilia kitufe sekunde tatu" si kizuizi, mtoto wa miaka mitatu anakigundua haraka. Kwenye mipangilio ya Play washa uthibitisho kwa kila ununuzi. Kama malipo yameunganishwa na laini yako ya simu, hilo ni la lazima.

Khan Academy Kids, miaka 2 hadi 8, ni ya bure na haina matangazo wala ununuzi. Maudhui ni ya Kiingereza, kwa hiyo fuata ushauri wa mwalimu: chukua maumbo na kupanga, zima sauti. GCompris na Tux Paint nazo zipo kwa Android.

Jihadhari na majina. Tafuta katuni yoyote maarufu na utapata gemu ishirini zenye sura yake ambazo hazijatengenezwa na wenyewe. Angalia jina la mtengenezaji, kisha bonyeza uone gemu zake nyingine. Ukikuta daktari wa meno, saluni ya kucha na mbio za magari, zote za watoto, zote zina matangazo, hicho ni kiwanda cha matangazo.

Kumfungia ndani ya programu moja: mipangilio ya usalama, "App pinning" (matoleo ya nyuma huitwa Screen pinning), washa, na uweke tiki ya kuulizwa PIN kabla ya kutoka. Fungua gemu, nenda kwenye orodha ya programu za karibuni, gusa alama ya gemu juu ya kadi yake, chagua Pin. Kwa iPad ni Guided Access, unabonyeza mara tatu kitufe cha juu au cha nyumbani. Humo unaweza hata kuzungushia sehemu ya skrini isiguswe, kwa mfano ile kona ya menyu.

Zile tableti za watoto za bei rahisi zenye jalada la mpira: kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, ingia kwenye mipangilio uone hifadhi na toleo la Android. Boksi linaandika 64 GB, mipangilio inasema lingine. RAM ya 1 GB itakufanya ungoje sekunde kadhaa kati ya kugusa na kuona, na mtoto hawezi kuunganisha vitu viwili vilivyoachana hivyo. Anagusa tena na tena, halafu migusano yote inafanyika kwa pamoja.

Na vile vilaptop vya plastiki vya sokoni vyenye nyimbo: geuza utazame mlango wa betri. Kama zinatumia betri za kidonge na mlango haufungwi kwa skrubu, usinunue. Betri hiyo ikimezwa inaunguza koo ndani ya saa mbili. Ikitokea, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kungoja itoke.

#14 BintiNgamiani

Nimefuata hatua zote za mihuri. Picha ya kuku inatokea, maandishi yanatokea, sauti hakuna. Nimerekodi kwa simu, nikaibadilisha jina ikawa kuku_desc.ogg.

#15 Terminal_ya_Mwisho

Kubadilisha jina hakubadilishi faili, dada. Simu nyingi zinarekodi m4a, na sauti za WhatsApp ni opus. Tux Paint inataka OGG ya Vorbis au WAV. Fungua VLC (programu ya bure ya kucheza video na sauti), Media, kisha Convert/Save, chagua rekodi yako ya mwanzo, kwenye orodha ya Profile chukua "Audio - Vorbis (OGG)", uhifadhi kwa jina kuku_desc.ogg.

Windows pia inaficha viambishi vya faili, kwa hiyo unaweza kuwa na kuku_desc.ogg.m4a bila kuona. Kwenye File Explorer, menyu ya View, weka tiki "File name extensions" uhakikishe. Kisha hakiki kwamba kuku.png na kuku_desc.ogg ziko folda moja na zimeandikwa sawa herufi kwa herufi, na kwamba sauti haijazimwa kwenye Tux Paint Config.

#16 BintiNgamiani

Ilikuwa m4a. Sasa anataja. Mdogo anagonga kuku ukurasa mzima.

#17 MwalimuWaAwali

Mwulize kuku wangapi. Akisema "mbili", wewe jibu tu "ndiyo, kuku wawili", bila kumsahihisha.